Ndiga: Kiazi cha Mwitu Kinachohitaji Maji na Siku

Mto Rufiji, kabla ya kumwaga maji yake baharini mkabala na kisiwa cha Mafia, hugawanyika katika mikono mingi na kufanya delta ambayo msitu wake wa mikoko ni miongoni mwa mikubwa kabisa katika pwani ya Afrika Mashariki. Watu wa bonde hilo hulima mpunga katika ardhi ya chini inayopokea mafuriko, na maji yakishapungua hupanda mahindi, kunde na mboga katika udongo uliobakiwa na unyevu. Kilimo hiki cha pili hukiita mlao. Upande wa juu, kuelekea Kibiti na kwenye vilima vya nchi kavu, udongo ni wa kichanga, nao huotesha mihogo, mikorosho na vichaka vizito. Tangu zamani mkulima wa Rufiji hakuitegemea nchi moja peke yake. Ya chini ilipomtupa, alipanda ya juu.

Mafuriko ya kiasi ni neema, kwa kuwa huleta rutuba. Yakizidi, au yakija wakati mpunga haujakomaa, jasho la msimu mzima huenda na maji. Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Aprili 2024, mashamba mengi ya wilaya za Rufiji na Kibiti yalipofunikwa. Siku hizi ubaya wa mwaka kama huo hupunguzwa na barabara, maduka na chakula cha msaada. Kabla ya kuwapo mambo hayo, msaada wa kwanza ulitafutwa vichakani, katika nchi ya juu, na mojawapo ya vitu vilivyochimbwa huko ni kiazi cha mwitu kiitwacho ndiga.

Ndiga ni chakula, na ndiga ni sumu. Kauli zote mbili ni za kweli kuhusu kiazi kile kile, kilichong'olewa katika shimo lile lile. Kinachozitenganisha ni kazi ya siku kadhaa inayofanywa na binadamu kwa kisu, maji na jua. Kazi hiyo haikuvumbuliwa katika maabara yoyote. Hata hivyo kila hatua yake inaweza kuelezwa kwa fizikia na kemia inayofundishwa katika shule za sekondari.

Ndugu kwa jina tu

Kwanza yafaa kuondoa utata wa jina. Kiswahili kimekusanya ndani ya neno moja, kiazi, mimea ambayo kwa nasaba iko mbalimbali sana. Kiazi mviringo, ambacho wengine hukiita kiazi ulaya, ni wa ukoo mmoja na nyanya, bilinganya, pilipili na tumbaku. Kiazi kitamu kiko katika ukoo mwingine, wa mimea itambaayo yenye maua yaliyofanana na tarumbeta. Kiazi kikuu ni wa ukoo wa tatu, ambao jina lake la kitaalamu, Dioscorea, lilitolewa kwa kumbukumbu ya Dioscorides, tabibu wa Kiyunani aliyeandika juu ya mimea ya dawa katika karne ya kwanza.

Tofauti hizo si za majina tu. Kiazi mviringo ni shina lililovimba chini ya ardhi, na macho yake ni machipukizi yaliyopangwa kama yalivyopangwa kwenye tawi lolote. Kiazi kitamu ni mzizi ulionenepa. Kiazi kikuu nacho huanzia pale shina na mzizi vinapokutana, na hakina macho yaliyopangika. Zaidi ya hayo, mbegu ya kiazi kikuu huota kwa jani moja, kama mahindi na mpunga, ilhali mbegu za viazi vile viwili vingine huota kwa majani mawili, kama maharage. Kwa mwanafunzi wa elimuviumbe hii maana yake ni kwamba kiazi kikuu kiko karibu zaidi na mpunga wa bondeni kuliko kilivyo karibu na kiazi mviringo kinachouzwa sokoni Kibiti.

Jamaa wa mwitu wa kiazi mviringo hawapatikani Afrika. Wote ni wenyeji wa mabara ya Amerika, kuanzia kusini-magharibi ya Marekani hadi Chile na Argentina. Jamaa wa mwitu wa kiazi kikuu, kinyume chake, wamejaa hapa kwetu. Mikoa ya Lindi na Mtwara ina ming'oko, yaani Dioscorea hirtiflora, viazi vyembamba ambavyo huchemshwa na kuliwa bila ya matengenezo marefu, na ambavyo huuzwa hata kando ya barabara. Ndiga, ambayo kitaalamu huitwa Dioscorea dumetorum, imeenea katika Afrika ya kitropiki, kuanzia Senegal hadi Ethiopia na kushuka hadi kusini mwa bara.

Jinsi ya kuitambua

Ndiga ni mmea utambaao ambao hujizungusha kwenye miti mingine kuelekea upande wa kushoto. Kiazi kikuu kilimwacho hujizungusha kuelekea kulia. Shina lake lina miiba, hasa karibu na ardhi, na majani yana vinyweleo. Alama iliyo rahisi kuliko zote ni kwamba kila jani limegawanyika katika vijani vitatu, kama jani la mharage. Mimea ya kiume na ya kike ni mbalimbali. Tunda ni kikavu na lina mabawa matatu, na mbegu yake nayo ina ubawa mwembamba unaoiwezesha kupeperushwa na upepo. Chini ya ardhi viazi hukaa kwa fungu, aghalabu karibu na uso wa udongo, na hii ni bahati kwa mchimbaji, kwani viazi vikuu vingine vya porini humlazimisha kuchimba shimo la kumfikia kifuani.

Msomaji asije akadhani kwamba jina peke yake linatosha kumwongoza. Majina ya mimea ya porini hubadilika toka kijiji hata kijiji, na neno ndiga huweza kutumiwa mahali pengine kwa kiazi kingine. Katika misitu hiyo hiyo ya pwani umo pia Dioscorea sansibarensis, uliopewa jina kwa ajili ya Zanzibar, nao una sumu. Huo una jani moja pana lisilogawanyika katika vijani, lenye ncha ndefu iliyochongoka. Kwa njiani tu, ncha hiyo ni ya ajabu: ndani yake mna vijumba ambamo bakteria wa aina moja huishi maisha yao yote pamoja na mmea, jambo lililoelezwa na wanasayansi katika miaka ya karibuni tu.

Maisha ya ndiga hufuata mvua. Mvua zinapoanza, kiazi cha mwaka uliopita hutoa chipukizi, nacho husinyaa kwa kuwa akiba yake inajenga shina na majani. Majani yakishakomaa hutengeneza wanga na kuuteremsha chini, ambako viazi vipya hujazwa. Kiangazi shina hukauka na kuanguka, na wakati huo ndipo kiazi kinapokuwa kimejaa. Hapo pana taabu ya kwanza ya mwenye njaa. Njaa ya Rufiji mara nyingi hubana kati ya mvua za vuli na mavuno ya masika, wakati ambapo viazi vingi vya porini vimekwisha kuanza kuchipua na kupungukiwa wanga. Naye anayechimba kiangazi, kiazi kikiwa bora, hana jani la kumwonyesha njia. Lazima aukumbuke mmea alipouona ukiwa mbichi, au autambue kwa kipande cha ukambaa mkavu wenye miiba. Ujuzi wa ndiga kwa hiyo huanza na kumbukumbu ya mahali.

Kwa nini mmea uweke sumu ndani ya chakula chake?

Kiazi ni ghala. Mmea usioweza kukimbia, uliokusanya wanga wa msimu mzima karibu na uso wa ardhi, ni windo jepesi la nguruwe mwitu, nungu, panya na wadudu. Mimea mingi yenye ghala la namna hiyo imejilinda kwa kemikali. Muhogo mchungu una viini vinavyotoa sianidi. Kiazi mviringo kina solanini na chakonini, ambazo huongezeka kinapoachwa juani na kugeuka kijani. Rangi ya kijani yenyewe ni umbijani usiodhuru, lakini hutangaza kwamba sumu nayo huenda imepanda. Ndiga ina alkaloidi, hasa ile iitwayo dihidrodioskorini. Mwaka 1956 Bevan na wenzake walieleza katika jarida la Nature juu ya alkaloidi ya ndiga iletayo mitukutiko ya mwili.

Anayekula ndiga isiyotengenezwa huhisi kwanza mwasho mdomoni na kooni, kisha kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu. Sumu ikiwa nyingi hushika mfumo wa fahamu, mwili hutetemeka na kukakamaa, na mtu huweza kufa. Mahali kadhaa barani Afrika watu waliigeuza sumu hiyo kuwa silaha, wakachanganya kiazi hicho na chakula na kuwategea nyani na tumbili waharibifu wa mashamba.

Mwalimu ataulizwa bila shaka: kwa nini kisichemshwe tu? Swali ni zuri, na jibu lake linapatikana kwa kulinganisha ndiga na muhogo. Katika muhogo mchungu sumu haijawa huru. Hutokea pale seli zinapopondwa na kimeng'enya kikakutana na kiini chake. Sianidi inayotoka huyeyuka katika maji, na pia huruka hewani kwa urahisi. Ndiyo sababu muhogo uliopondwa, ukavundikwa na kuanikwa hupoteza sumu nyingi. Alkaloidi ya ndiga ina tabia nyingine. Haingoji kimeng'enya, ipo tangu mwanzo, na mvuke wa chungu hauiondoi. Anayechemsha ndiga nzima akala pamoja na mchuzi wake ameihamisha sumu kutoka kwenye kiazi na kuitia katika mchuzi, kisha akavimeza vyote viwili. Njia iliyobaki ni kuiyeyusha na kuimwaga.

Hesabu ya maji

Matengenezo ya ndiga, kwa jumla, ni haya. Kiazi humenywa na kukatwa vipande vyembamba. Mahali pengine huchemshwa kwanza, na maji hayo humwagwa. Vipande hutiwa katika kikapu au gunia na kulazwa katika maji yanayotembea, au katika chombo ambacho maji yake hubadilishwa mara kwa mara, kwa siku kadhaa. Baadaye huanikwa hadi vikauke, na vikavu hivyo ama hupikwa upya ama hutwangwa kuwa unga wa ugali. Wengine hutia chumvi katika maji ya kulowekea.

Kila hatua ina sababu yake. Wembamba wa vipande ndio wa kwanza. Sumu iliyo katikati ya kipande husafiri hadi kwenye maji kwa mwendo wa kusambaa, na mwendo huo ni wa polepole ajabu: muda unaohitajika hukua kwa kipeo cha pili cha umbali. Kipande chenye unene wa milimita 8 hakihitaji muda mara mbili ya kile cha milimita 4, bali mara nne. Mtu aliyezoea kukata vipande vyembamba akaloweka siku mbili, siku anayovikata kwa haraka vikawa vinene mara mbili, angepaswa kungoja siku nane ili apate usafi ule ule. Hapa ndipo ilipo hatari kubwa ya kuikariri idadi ya siku bila ya kuujua unene.

Kuchemsha mwanzoni kuna kazi yake ingawa hakutoshi. Katika seli hai kuna utando unaochagua kipi kitoke na kipi kibaki, na alkaloidi iliyofungiwa ndani ya seli haitoki kwa hiari. Moto huua seli na kuupasua utando, mlango ukabaki wazi. Kuvunda kidogo kwa vipande katika maji nako husaidia, kwa sababu viumbe vidogo vinavyokula wanga hutoa asidi. Alkaloidi ni besi, na besi ikikutana na asidi hufanya chumvi ambayo kwa kawaida huyeyuka katika maji kwa urahisi zaidi.

Hatua ya mwisho, ya kubadilisha maji, inastahili hesabu kamili. Tuseme vipande vya ndiga vimebeba ndani yake maji ya lita 1 yenye sumu yote, na mama wa nyumba ana maji safi lita 9. Akiyatia yote kwa mara moja na kungoja hadi sumu ienee sawasawa, jumla ya maji itakuwa lita 10, na katika vipande itabaki sehemu moja ya kumi, yaani asilimia 10. Akiyagawa maji yale yale mara tatu, lita 3 kila mara, kila mkupuo utabakiza robo ya kilichokuwapo. Robo ya robo ya robo ni moja ya 64, kiasi cha asilimia 1.6. Akiyagawa mara tisa, lita moja moja, kila mara hubaki nusu, na nusu iliyorudiwa mara tisa ni moja ya 512, yaani chini kidogo ya asilimia 0.2. Maji ni yale yale lita 9. Kilichoongezeka ni idadi ya mikupuo na subira ya kungoja kila mmoja wao.

Kijito kinachotembea ni mkupuo usiokatika. Maji yaliyochukua sumu huondoka kabla ya kulingana na yaliyomo ndani ya kipande, na mengine masafi hushika nafasi yake. Kwa hiyo kulaza kikapu kijitoni kulikuwa, kwa hesabu, uamuzi bora uliowezekana kwa mtu asiye na chombo kikubwa. Rufiji, hata hivyo, ni mto wa mamba, na hakuna hesabu inayomlazimisha mtu kusimama ukingoni kila asubuhi. Chungu, ndoo na maji yanayomwagwa mbali na kuku na mbuzi vilifanya kazi ile ile.

Mtaalamu mwingine wa maji yatembeayo yuko mbali sana na Rufiji. Katika nyanda za juu za Andes, nchini Peru na Bolivia, wakulima wana viazi mviringo vichungu vinavyostahimili baridi kali, lakini vyenye sumu nyingi ya jamii ya solanini. Viazi hivyo huachwa nje usiku vigande kwa baridi, jambo ambalo huzipasua seli kama moto unavyofanya, kisha hukanyagwa kwa miguu ili maji yatoke, na kwa aina iitwayo tunta hulazwa mtoni kwa wiki kadhaa kabla ya kukaushwa. Huko kusini-magharibi ya Marekani, wenyeji walikula kiazi kidogo cha mwitu, Solanum jamesii, pamoja na udongo wa mfinyanzi unaoshika sumu isiingie mwilini. Chembe za wanga wake zilizopatikana kwenye mawe ya kusagia huko Escalante, jimbo la Utah, zimeonyesha kwamba kiazi hicho kililiwa yapata miaka 10,900 iliyopita. Watu wa Andes na watu wa Rufiji hawakuwahi kufundishana. Viazi vyao si ndugu, sumu zao si moja, na jibu lao linakaribiana kwa sababu maji huyeyusha kwa kanuni zile zile kila mahali.

Njaa haina subira

Ujuzi huo una adui mmoja aliye mkubwa kuliko usahaulifu, naye ni njaa yenyewe. Sumu hushindwa kwa siku, na mwenye njaa hana siku. Mtoto anayelia usiku wa kwanza haelewi kwa nini kikapu chenye chakula kimelazwa majini hadi usiku wa nne. Kishawishi cha kutoa vipande kabla ya wakati wake huwa kikubwa zaidi pale hasa penye haja kubwa zaidi.

Mfano uliochunguzwa vizuri ni wa muhogo. Mwaka 1985, wakati wa ukame katika Wilaya ya Tarime, mkoani Mara, watu kadhaa, wengi wao watoto na wanawake, walipooza miguu ghafla. Uchunguzi wa madaktari uliuhusisha ugonjwa huo, uitwao konzo, na sianidi ya muhogo mchungu uliotengenezwa kwa njia ya mkato kwa sababu chakula kilikuwa kimekwisha. Watu wa Tarime walikuwa wakijua kutengeneza muhogo. Walichokosa mwaka ule ni muda, na pia vyakula vyenye protini ambavyo huusaidia mwili kuiondoa sianidi. Ndiga haileti konzo, lakini mtego wake ni wa namna hiyo hiyo.

Ladha ya uchungu ni mlinzi, ila si mlinzi wa kutegemewa kwa kila jambo. Viazi vya mmea mmoja huweza kuwa vichungu kuliko vya jirani yake, na ulimi wa mtu aliyekwisha kula kidogo huzoea. Wazee wanapotofautiana juu ya idadi ya siku, huyu akisema tatu na yule akisema saba, haina maana kwamba mmoja wao hajui. Unene wa vipande, kasi ya maji, joto na ukali wa mmea wenyewe vyote humo ndani ya jibu. Kitu kilichopotea pale siku zinapobaki na sababu zake zikasahauliwa ni uwezo wa kurekebisha. Kwa hiyo mwanafunzi anayemwandikia bibi yake maelezo ya ndiga afanye vyema kumwuliza si siku ngapi tu, bali pia alikata vipande vya unene gani, alivilaza wapi, na alijuaje kwamba vimekuwa tayari. Maswali hayo yana haraka kidogo. Kizazi kilichokula ndiga kwa lazima kinazidi kupungua, na vichaka vya nchi ya juu hukatwa mwaka hata mwaka kwa ajili ya mkaa na mashamba ya ufuta.

Ndiga isiyo na sumu

Huko Cameroon na Nigeria mmea huu huu umelimwa kwa muda mrefu, na aina zilizochaguliwa na wakulima hazina sumu. Huchemshwa na kuliwa bila ya kulowekwa. Zina protini nyingi kuliko viazi vikuu vingi, na chembe za wanga wake ni ndogo sana, kitu kinachosaidia usagaji tumboni. Kasoro yake ni moja, lakini inaudhi: muda mfupi tu baada ya kung'olewa kiazi huanza kukakamaa, na hakilainiki tena hata kikipikwa kwa muda gani. Mkulima hulazimika kula au kuuza mara moja, na soko la mbali humpita. Mwaka 2020 watafiti, miongoni mwao Siadjeu wa asili ya Cameroon, walichapisha mpangilio kamili wa vinasaba vya mmea huu, na mojawapo ya mambo wanayotarajia kuyafuatilia kwa msaada wake ni ugumu huo.

Ndiga ya mwitu ya pwani yetu inaingia katika habari hiyo kwa mlango wa nyuma. Wafugaji wa mimea hupenda sana jamaa wa mwitu wa mazao, hata wale wenye sumu, kwa sababu huwa wamehifadhi sifa ambazo zao la shambani limezipoteza. Kiazi mviringo kilipata kutoka kwa Solanum demissum, jamaa yake wa mwitu wa Mexico, sehemu ya kinga dhidi ya ugonjwa wa bakajani ulioleta njaa kuu ya Ireland katika miaka ya 1840. Mimea ya ndiga inayostahimili kiangazi cha vilima vya Rufiji huenda nayo ina cha kutoa. Haiwezi kuchunguzwa ikiwa kichaka chake kimekwisha kuwa mkaa.

Jaribio la darasani

Ndiga yenyewe isiletwe darasani kwa kuonjwa, na mwanafunzi yeyote asijaribu kuitengeneza bila ya mtu mzima anayeijua. Kanuni zake zinaweza kuonyeshwa kwa bitiruti, ambayo haina madhara na ambayo rangi yake nyekundu hufungiwa ndani ya seli kama alkaloidi inavyofungiwa katika ndiga. Bitiruti imenywe, ikatwe vipande vya milimita 4 na vingine vya milimita 8, na vioshwe mara mbili kwa maji baridi ili kuondoa rangi ya seli zilizokatwa na kisu. Nusu ya vipande vya kila unene itumbukizwe katika maji yanayochemka kwa dakika mbili. Kisha vyote vitiwe katika glasi mbalimbali zenye maji baridi ya kipimo kimoja. Glasi za vipande vilivyochemshwa zitabadilika rangi upesi, na zile za vibichi zitakawia sana. Kundi la pili la wanafunzi lichukue vipande vilivyochemshwa vya unene mmoja, liviloweke katika maji lita 1 yasiyobadilishwa, na vingine vya uzito ule ule katika robo lita inayobadilishwa mara nne, kila baada ya nusu saa. Baada ya saa mbili vipande vya pande zote mbili vikatwe katikati, na rangi iliyobaki ndani ilinganishwe na kuandikwa katika jedwali.